Adabu ya Anayekula

Kuna methali ambayo mchezo wa karata hauishi Pwani bila mtu kuitoa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Angalia anayeitoa ni nani. Kila mara ni aliyeshinda. Anaitoa huku anakusanya karata au anahesabu noti, na aliyeshindwa hana la kujibu, kwa sababu akifungua mdomo tu ameithibitisha. Ni methali nzuri, ya siku nyingi, na mimi nina ugomvi nayo. Inambebesha kazi yote ya adabu mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyepoteza jioni hiyo.

Lugha ya mezani ina ukweli zaidi kuliko methali. Kwenye karata hatusemi tu fulani ameshinda na fulani ameshindwa. Tunasema huyu amekula, yule ameliwa. Ukishasema hivyo, swali lote linageuka. Mtoto anafundishwa adabu za kula tangu hajaota meno yote: mkono wa kulia, kula mbele yako, usikimbilie nyama, angalia wenzako kabla hujaongeza. Hakuna anayemfundisha changu adabu za kuliwa. Kwa nini basi kwenye karata tunaanza na aliyeliwa, tunamwambia asinune, asilalamike, akubali yaishe?

Hoja yangu ni hii: adabu ya meza ya karata ipimwe kwa kile inachomfanyia anayeliwa. Je, inamwonya? Inamlindia uso? Na anapotaka kuinuka, inamwachia aende? Kwa kipimo hicho nataka kupima meza tatu zinazochezwa Kwale siku hizi, kutoka Msambweni hadi Diani. Zote ni za karata zilezile 52. Mbili kati yake zinaitwa poka, na hazifanani hata kidogo.

Meza ya mwembeni

Ya kwanza ni ya wazee. Pita Msambweni au Gazi baada ya swala ya alasiri utaiona: chini ya mwembe, au barazani mbele ya duka, meza ya mbao iliyochoka na watu wanne wamekaa wawili kwa wawili, kila mmoja akikabiliana na mwenzake wa upande wake. Nyuma yao wamesimama watu sita ambao hawachezi na wanajua kila kitu.

Maneno ya meza hii yana umri kuliko meza yenyewe. Karata ni neno la Kireno. Kopa, uru, pau na shupaza ni Kireno, na turufu pia. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakang'olewa Fort Jesus mwaka 1698, na katika vitu walivyoacha nyuma, ngome ni moja na karata ni nyingine. Karata zenye picha ziliitwa wazungu, na kamusi za zamani zimelihifadhi jina hilo. Kwa hiyo babu zetu walikuwa wakikaa alasiri nzima wakipigana kwa wazungu, wakiwakata kwa turufu, na hakuna aliyekasirika.

Ukija na kitabu cha adabu za poka mkononi, meza hii utaiandikia makosa tangu dakika ya kwanza. Karata haiwekwi, inapigwa mezani mpaka vikombe vinaruka. Mtu anayekula hanyamazi. Anasimama nusu, anaangalia huku na huku, anauliza kama kuna mwingine nyumbani kwao anayejua kucheza, aitwe. Mzee wa miaka 70 anaambiwa na rika lake kwamba karata anazishika kama anayeparua samaki. Naye anajibu, "Subiri bwana, mla mla leo, mla jana kala nini?" Kelele yote hiyo ni utani, na utani ni mali ya rika. Kijana aliyesimama nyuma haruhusiwi kuutoa. Akitaka kusema, anaanza na shikamoo, kisha anasema, "Mzee, ungetoa pau," na anafukuzwa akanunue maji.

Lakini angalia kilicho chini ya kelele. Hakuna pesa mezani. Sababu ya kwanza ni dini: katika sura ya Al-Maida, aya ya 90, kamari imetajwa pamoja na ulevi, na Kwale hakuna asiyejua. Wapo mashekhe ambao hata karata zisizo na pesa hawazipendi, wanaziona zinakula wakati wa mtu. Ndiyo maana meza ya wazee imeishi maisha yake yote ikijitetea, na kitu kinachojitetea kila siku hujiweka safi. Kinachochezewa mara nyingi ni kiti tu. Wawili walioliwa wanainuka, wawili wengine wanakaa. Na aliyeinuka hapotei. Anahamia nyuma, kwenye lile kundi la wajuao kila kitu, na sasa ni zamu yake kucheka. Amepoteza kiti, amepata mdomo.

Halafu inalia adhana ya magharibi. Hata kama umeshika turufu tano mkononi, mchezo umekwisha. Aliyekula anainuka, aliyeliwa anainuka, wote kwa dakika moja na kwa sababu moja, na hakuna anayehitaji kueleza kwa nini anaondoka. Hakuna anayesema "umenila halafu unakimbia". Meza ina mlango, na mlango haufunguliwi na mchezaji. Nimetafuta kwenye vitabu vya poka kanuni iliyo na busara kama hiyo, sikuiona.

Nisiipambe kupita kiasi, ingawa. Meza hii ni ya wanaume. Msichana wa Msambweni anaweza kuijua karata kuliko wote pale na asikalishwe hata siku moja. Kijana anasubiri kiti mpaka mtu auguе. Na utani, ukimkuta mtu ambaye kweli ana shida nyumbani, huuma. Inachofanya vizuri ni kimoja: inamtukana anayeliwa mdomoni na kumwachia mfuko wake kamili.

Poka yetu

Mwambie kijana wa Ukunda, "Tucheze poka." Kama amekulia Kenya, hatafikiria Las Vegas. Atauliza tunaanza na kadi ngapi. Kwa sababu poka yetu, ile ya shuleni, ya stage ya bodaboda, ya stima ikipotea, ni mchezo wa kumaliza kadi mkononi. Unafuata rangi au namba ya ile iliyo juu. Mbili inamlisha anayefuata kadi mbili, tatu inamlisha tatu. Jeki inamruka mtu. Kingi inarudisha mchezo ulikotoka. Nane na kwini ni maswali, na swali lazima lijibiwe, usipokuwa na jibu unaokota. Asi inazima moto, au inaagiza rangi unayotaka.

Kila mtaa una sheria zake, na hapa adabu inaanza kabla kadi hazijagawanywa. Joka ipo au tumeitoa? Unaweza kumaliza na swali? Kadi za kulisha zinapandiana au hazipandiani? Usipouliza, katikati ya mchezo utaambiwa, "Huku kwetu hatuchezi hivyo," na huna hoja, uko kwao. Watoto wa miaka kumi wanalijua jambo hili ambalo makampuni makubwa huliandikia wanasheria: sharti husemwa kabla, siyo baada.

Lakini kanuni iliyonifanya niandike makala haya ni nyingine. Unapobakiza mkono ambao zamu ijayo utaweza kuumaliza, lazima useme kwa sauti: "Niko kadi!" Usiposema, huwezi kumaliza. Hata ukiwa na kadi moja tu mkononi na inaingia sawasawa, wenzako watakuzuia: "Aa, hukusema!" Utaokota, na mchezo utaendelea kana kwamba Mungu mwenyewe ameamua.

Hebu lifikirie tena. Huu ni mchezo ambao kumla mtu bila kumwonya ni kosa, na adhabu yake ni kupoteza ushindi wako. Anayekaribia kula analazimika kuwaambia anaotaka kuwala kwamba amekaribia, na papo hapo meza nzima inamgeukia. Wanamlisha, wanamruka, wanamuuliza maswali, wanasahau ugomvi wao wote. Ushindi utakaoupata baada ya hapo umeupata macho ya watu yakiwa wazi. Mtu aliyeliwa kwenye poka yetu anaweza kununa, lakini hawezi kusema hakujua.

Hatukufundishwa hivyo na mwalimu yeyote. Hakuna chama kilichokaa kuandika. Mchezo wa kufuata rangi na namba unachezwa dunia nzima kwa majina mengi, na sehemu nyingi kuna namna ya kutangaza kadi ya mwisho. Ila sisi tumelifanya tangazo kuwa moyo wa mchezo. "Niko kadi" limetoka hata nje ya meza. Msee akikaribia kumaliza chuo anasema niko kadi, bodaboda aliyebakiza malipo ya mwezi mmoja ya pikipiki anasema niko kadi. Sentensi yenye maneno mawili, na ndani yake kuna maadili zaidi kuliko mihadhara mingi niliyokalishwa.

Poka ya kimya

Meza ya tatu iko ghorofani, kwenye keja za kupangisha nyuma ya barabara kuu ya Diani. Hii ndiyo ile poka nyingine, Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano mezani kwa wote, na dau. Wachezaji ni mchanganyiko. Yuko anayefanya kazi ya kompyuta kwa kampuni ya ng'ambo, yuko mwalimu wa kite, yuko wa mapokezi hotelini aliyetoka zamu, yuko mgeni aliyekuja kwa wiki mbili na huu ni mwezi wa tano. Siku hizi wapo pia wasichana mezani, na nitarudi kwa hilo.

Walijifunza wapi? Kwenye simu na kwenye filamu. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake kweli, aliingia mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas kupitia mchezo wa intaneti wa dola 86, akatoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo kila mtu mwenye intaneti aliamini kiti kimoja pale ni chake. Mchezo ukasafiri, na adabu zake zikasafiri nao.

Adabu hizo zimeandikwa. Mmarekani Bob Ciaffone amekusanya kanuni zinazotumika kwenye kumbi nyingi, na mwaka 2001 waendeshaji wa mashindano walianzisha chama chao kuoanisha sheria. Ukizisoma kama maandishi, siyo kama sheria, zina uzuri wake. Cheza zamu yako, usiruke. Usirushe chipu ovyo kwenye kitita cha katikati, ziweke mbele yako zihesabike. Usiweke dau vipandevipande huku unasoma uso wa mwenzako. Chipu kubwa zikae wazi, asije mtu akadhani huna kitu. Ukimwonyesha mmoja karata zako, waonyeshe wote. Mkono mmoja unachezwa na mtu mmoja, hakuna kumnong'oneza jirani. Ukijua umeshinda, fungua karata zako mara moja. Kumchelewesha mwenzako makusudi, umwache afurahi kwanza ndipo umvunje moyo, hilo linahesabiwa uchafu kuliko mengi mengine, ingawa halivunji sheria yoyote.

Kanuni hii ya mwisho mzee wa mwembeni angeielewa bila tafsiri. Ni haki ya anayeliwa kuliwa haraka.

Na iko kanuni moja ambayo Diani inauma kidogo: lugha. Kwenye mashindano makubwa, mkono ukiwa unachezwa, inatumika lugha iliyokubaliwa na ukumbi, na Marekani hiyo imekuwa Kiingereza. Mara ya kwanza ukiisikia, damu inachemka. Tuko Kwale, kwenye ardhi ya Wadigo, na mtu anatukataza Kidigo? Lakini tulia uiangalie. Watu wawili wakisemezana Kidigo mkono ukiwa unachezwa, na wa tatu hakijui, huyo wa tatu ana haki ya kuingiwa na shaka. Na barazani kwetu, tangu lini imekuwa adabu kuzungumza lugha ambayo aliyekaa nanyi haielewi? Kosa la kanuni ile ni kuchagua Kiingereza. Shabaha yake ni sahihi. Diani lugha ya wote mezani ni Kiswahili mara nyingi zaidi kuliko wageni wanavyodhani, na ambaye hajakijua atafundishwa namba kwa dakika kumi.

Tena nikiri sifa ya poka ya kimya ambayo meza mbili za kwanza hazina. Zamu yake haijali rika wala jinsia. Msichana wa miaka 22 ikifika zamu yake, meza nzima inamngoja, hata yule mwenye mvi na mwenye pesa. Hakuna anayemtuma maji. Kwenye karatasi na mezani, haki ya zamu ni ileile kwa kila kiti. Hilo si dogo Kwale.

Samaki na chambo

Sasa lete kipimo. Inamfanyia nini anayeliwa?

Kwenye poka ya kimya mchezaji dhaifu ana jina: samaki. Na iko adabu inayofundishwa kila mahali poka inapofundishwa: samaki asitishwe. Akicheza vibaya akapata bahati, mpongeze. Usimfundishe makosa yake, usimcheke, usimkemee. Mwite rafiki. Mwagizie soda. Kwa nini? Wanaofundisha hawafichi. Samaki akiaibika ataondoka, na akiondoka ataondoka na pesa zake.

Hapo ndipo ninapoachana na kitabu. Watu wa Pwani tunajua kitu kinachomlegeza samaki mpaka asogee karibu kinaitwaje. Kinaitwa chambo. Na mchezo wenye adabu tamu kuliko yote uliowahi kuchezwa kwenye stendi zetu ni pata potea. Karata tatu, sanduku lililopinduliwa, kijana mwenye mikono miepesi na ulimi wa asali. "Karibu kaka, tazama tu, hulipi kutazama." Unaachwa ushinde mara ya kwanza. Unashangiliwa na watu usiowajua. Hakuna anayekutukana hata neno moja mpaka nauli yako ya kurudi nyumbani imekwisha.

Simaanishi kila anayecheza Hold'em ni tapeli. Ninasema upole peke yake hauthibitishi chochote. Wazee wanamtukana aliyeliwa na hawamchukulii kitu. Ghorofani anapongezwa huku anamalizwa. Ukiniuliza nani ana adabu, jibu langu halitatokana na sauti.

Filamu ambayo wapenzi wa poka wanaitaja zaidi ya zote, Rounders ya mwaka 1998, iliyoongozwa na John Dahl, inalionyesha jambo hili vizuri kuliko ilivyokusudia. Matt Damon ni Mike, mwanafunzi wa sheria New York. John Malkovich ni Teddy KGB, mwenye klabu ya siri, anayekula biskuti na kucheza kama jambazi. Teddy hana adabu hata moja ya kitabu. Anarusha chipu ovyo kwenye kitita, na Mike akilalamika anajibiwa kwamba kwenye klabu yake Teddy atazirusha apendavyo. Mtazamaji anafundishwa kumchukia kwa hilo.

Lakini tukio zito liko kwingine. Usiku wa mwisho Mike ameshashinda pesa za kulipa deni lililomleta. Anainuka. Anataka kwenda. Teddy anamchokoza: anamkumbusha kwamba alishamla zamani, kwamba anachomlipa leo ni pesa za Mike mwenyewe. Mike anasimama kidogo, anawaza, anarudi kukaa. Filamu inataka tushangilie hapo. Inamwita jasiri. Na kwa kuwa imeandikwa na watu wanaompenda, anashinda na anatoka na furushi la pesa.

Mimi naona hapo ndipo ukosefu wa adabu wa kweli ulipo katika filamu nzima, na si zile chipu zilizorushwa. Mtu aliyeinuka amerudishwa kitini kwa maneno. Ondoa waandishi wanaompenda Mike, muweke pale mtu wa kawaida, na tukio lilelile linaitwa kuangamizwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwishoni, akiwa ameliwa kila kitu, huyohuyo Teddy anawazuia watu wake na kuamuru Mike alipwe pesa zake, kwa sababu amemla kihalali. Mshenzi wa filamu ndiye anayefungua mlango. Amechelewa, lakini ameufungua.

Mlango

Poka ya kimya ina kanuni isiyoandikwa kuhusu mlango: ukishakula, usikimbie. Mtu anayekaa nusu saa, akabahatika, akaaga, anaonekana hana adabu. Sababu inayotolewa ni ya huruma: wape wenzako nafasi ya kurudisha. Inasikika vizuri. Ila nafasi ya kurudisha ndiyo ndoana yenyewe. Aliyeliwa elfu mbili anabaki arudishe mbili, saa sita usiku anatafuta tano, saa nane ameshaacha kuhesabu. Kanuni inayomfunga mshindi kitini inamfunga na mshinde, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema inatosha.

Na hapa Diani kiti hicho kina uzito wake. Baada ya Pasaka mvua za masika zinaingia, wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga au kupunguza watu mpaka msimu urudi. Mhudumu aliyepewa likizo bila malipo na mtu wa kompyuta anayelipwa kwa dola wamekaa meza moja, dau moja. Kwenye kanuni wako sawa. Kwenye maisha, mmoja anacheza pesa za burudani na mwingine kodi ya nyumba. Zamani pesa zikiisha mfukoni zimeisha, unainuka kwa lazima. Sasa kuna simu. Tangu mwaka 2019 kuna Fuliza, na mfuko hauna tena sakafu. Mtu anakopa pale pale, karata zikiwa mkononi, na wenzake wanamsubiri kwa upole wakiangalia dari.

Sheria haitaingia chumbani humo. Kenya imekuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na mpya ikaja 2025, lakini hakuna ofisa anayepanda ngazi kuangalia marafiki wanne wenye pakiti ya karata. Msikiti hauko mbali, ila waliokaa pale si wote wanaousikiliza, na wanaousikiliza wamefunga dirisha kwa ajili ya mbu. Kilichobaki ni adabu. Kwa hiyo ikiwa adabu yenyewe ni chambo, hakuna kingine kinachomlinda mtu.

Sisemi vijana waache, mimi si shekhe. Mwenye kuacha na aache, amejipumzisha. Ninasema meza ya tatu iko jirani na nyingine mbili na haijaziuliza kitu. Kwa wazee ingeweza kuchukua adhana: saa ya kumaliza ambayo haikuchaguliwa na anayekula wala anayeliwa. Saa nne unusu, imekubaliwa kabla ya karata ya kwanza, na ikifika wote wanainuka hata kama kitita ni kikubwa kiasi gani. Ukishaiweka, ile aibu ya kukimbia na pesa inakufa yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekimbia. Kwa watoto wa poka yetu ingechukua "niko kadi": kiasi cha mwisho ambacho kila mtu atapoteza kinasemwa kwa sauti mwanzoni, mbele ya wote, na mwenye kukifikia akitoa simu kuomba tena, meza yenyewe inamkatalia. Anayekula ndiye awe wa kwanza kumkatalia. Hapo ndipo adabu inapomgharimu kitu, na adabu isiyomgharimu anayekula sioni ni ya nini.

Najua jibu litakalotoka ghorofani: hiyo siyo poka, poka ni kuzuga na kuvumilia, mtu mzima anajua alichoingilia. Sawa. Kuzuga kwa karata ni mchezo, kila mmoja pale amekubali kuzugwa kwa karata. Hakuna aliyekubali kuzugwa kwa wema. Na kuhusu mtu mzima, wale wazee wa mwembeni wote ni watu wazima, wana wajukuu, na bado hawakuona haya kuwa na kitu nje yao cha kuwainua.

Kwa hiyo ukialikwa poka Diani wiki hii, uliza kwanza ni poka gani. Kama ni yetu, uliza kuhusu joka. Kama ni ile ya kimya, usiulize dau ni kiasi gani, hilo watakwambia wenyewe. Uliza, "Tunainuka saa ngapi?" Wakitazamana, wakacheka, wakakwambia tutaona, basi umeshaonyeshwa karata zao zote, na tuktuk uliyokuja nayo huenda bado iko chini.